UZI: Wiki mbili za kwanza Uganda kwa mwanafunzi anayetoka Tanzania au Kenya

#1 · MfunguaUzi_Kikoni

Wakuu, salaam. Barua za udahili zimeanza kutoka, muhula wa kwanza unafunguliwa Agosti, na inboksi imejaa maswali yale yale ya mwaka jana. Tuyamalizie hapa. Sharti ni moja: leta utaratibu, kiasi, na mahali mambo yanapoharibika. Simulizi za "mimi nilivyofika" zina uzi wake.

Naanza na kinachowaponza wengi. Anayekwenda India au China hujiandaa miezi sita. Anayekuja Kampala hujiandaa siku mbili, maana "si hapo tu Mutukula", mpakani. Saa ni ile ile, magari yanapita kushoto, plagi ni ile ile ya meno matatu bapa, ugali upo. Kisha anakwama kwenye vitu vinavyofanana na vya kwao lakini sivyo.

Karatasi kwanza, maana hizo hazirekebishiki ukiwa njiani.

Pasipoti: Mtanzania na Mkenya, kama raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hawahitaji visa. Mkenya anaweza kuvuka na kitambulisho cha taifa, kwa mpango wa Kenya, Uganda na Rwanda ulioanza 2014. Mtanzania hayumo kwenye mpango huo, kwa hiyo asije na kitambulisho cha NIDA mkononi akidhani ataeleweka. Hata wewe Mkenya njoo na pasipoti. Kitambulisho kitakuvusha mpaka, lakini ukifika kwenye laini ya simu, akaunti ya benki na pasi ya mwanafunzi (kibali cha uhamiaji cha kusoma) utaisaka hiyo pasipoti.

Kadi ya njano: chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, maana cheti hakihesabiki kuwa hai kabla ya siku hizo kupita. Tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha. Kama chako cha zamani kimeandikwa kinaisha baada ya miaka 10, bado ni halali, usichome tena.

TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania): Mtanzania, omba cheti cha kutokuwa na pingamizi (NOC) kabla hujaondoka. Wengi hukumbuka miaka minne baadaye wanapotaka shahada yao itambuliwe nyumbani, na hapo ndipo maswali huwa mengi.

Vyeti halisi pamoja na nakala. Vyeti vibaki kwenye begi la mkononi, visiende kwenye buti la basi.

#2 · Dada_Kyaka

Naongezea mpaka, hasa Mutukula. Ni kituo cha pamoja, yaani unagongewa kutoka na kuingia ndani ya jengo moja, la upande wa nchi unayoingia. Ukitoka Bukoba usishangae kupita upande wa Tanzania bila kusimama. Dirisha la kwanza ni Tanzania, muhuri wa kutoka. La pili ni Uganda.

Kwenye dirisha la pili ndipo watu wanapojikoroga. Afisa anauliza unaenda kufanya nini, mtu anajibu "kutembea" au "kwa ndugu" kwa sababu anaogopa kuulizwa mengi. Sema unaenda kusoma, toa barua ya udahili. Ukiingia kama mgeni wa matembezi utagongewa siku za matembezi, na siku hizo zikiisha kabla hujashughulikia pasi ya mwanafunzi, unahesabiwa umezidisha muda.

Kabla hujatoka dirishani soma muhuri: tarehe na idadi ya siku. Ukiona kosa liseme hapo hapo. Kulirekebisha Kampala ni safari nyingine.

Na kosa kubwa kuliko yote: kuvuka bila muhuri kabisa. Mpaka una watu wengi, bodaboda zinapita, mtu anakwambia "panda nikuvushe". Anakuvusha kweli, ila mfumo unakuona bado uko Tanzania.

#3 · Jamaa_wa_Kisumu

Kwa Malaba na Busia, mpaka wa Kenya na Uganda, ni hivyo hivyo. Tatizo lingine ni basi la usiku. Linafika mpakani saa nane, umelala, kondakta anawaamsha wote mshuke, unaacha begi juu. Shuka na begi la vyeti na simu. Na ukishuka, kariri namba ya basi, sio rangi, maana mabasi matatu ya rangi moja yanaweza kuwa yamepanga mstari hapo.

Hizo basi nyingi huingia Kampala kabla jua halijatoka. Kaa ndani ya ofisi ya basi hadi kupambazuke. Kutoka na masanduku mawili saa kumi alfajiri kwenye mitaa ya kati ya jiji ni kujitafutia balaa.

#4 · MfunguaUzi_Kikoni

Hapo hapo: si kila mtu anahitaji kufika Kampala! Kila mwaka kuna watu wanaipita shule yao, wanalala gesti jijini, kesho yake wanapanda gari kurudi walikotoka.

- Mukono (Chuo Kikuu cha Kikristo, UCU): iko kwenye barabara ya Jinja, kabla ya Kampala ukitokea Kenya. Mwambie kondakta mapema.
- Mbale (Chuo Kikuu cha Kiislamu, IUIU): ukivuka Malaba, nenda Tororo, kisha Mbale. Kampala haikuhusu kabisa.
- Nkozi (Uganda Martyrs): iko upande wa barabara ya Masaka, karibu na Kayabwe, pale kwenye mstari wa ikweta. Ukitokea Mutukula unashukia njiani.
- Mbarara (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST) na Ishaka (kampasi ya magharibi ya Kampala International University, KIU): ukitokea Bukoba, shukia Masaka ubadili gari la Mbarara. Anayetokea Karagwe au Kyerwa ana mpaka wa Murongo na Kikagati, unaomtoa moja kwa moja upande wa Mbarara.

Kwa mpango wa muda: Bukoba hadi Mutukula ni kama kilomita 80, Mutukula hadi Masaka kama 90, Masaka hadi Kampala kama 130. Kilomita ni chache. Zinazokula muda ni foleni za kuingia jijini, kwa hiyo panga kufika mchana, usipange kufika jioni watu wanapotoka kazini.

#5 · Chenji_Mkononi

Pesa. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana tatizo si wizi peke yake. Tatizo ni masikio.

Kwa Kiganda kumi ni kumi, kama kwetu. Lakini *kikumi* ni mia moja, na *lukumi* ni elfu moja. Wingi wa lukumi ni *nkumi*: nkumi bbiri ni elfu mbili, nkumi ssatu elfu tatu, nkumi ttaano elfu tano. *Bitaano* ni mia tano. *Mutwalo* ni elfu kumi, na *mitwalo ebiri* ni elfu ishirini. Mswahili akisikia "nkumi ttaano" sikio linashika "kumi" na "tano", anatoa noti ya elfu kumi na ya elfu tano. Muuzaji mwaminifu atakurudishia. Mwingine atashukuru.

Chenji yako inaitwa *balansi*. Ukisema "chenji" watadhani unataka kuvunjiwa noti. Sema "balansi yange", ya kwangu.

Noti ni za 1,000, 2,000, 5,000, 10,000, 20,000 na 50,000. Sarafu zinazotembea zaidi ni 100, 200, 500 na 1,000. Ukitoa 50,000 kwenye bodaboda asubuhi utasikia hana balansi, na safari itageuka ya kutafuta duka la kuvunjia. Vunja kubwa kwenye supamaketi au kituo cha mafuta.

Kubadilisha: shilingi ya Kenya hubadilishwa kirahisi Kampala. Ya Tanzania wanunuzi wake ni wachache, kwa hiyo bei inashuka kadiri unavyoingia ndani ya nchi. Badilisha ya kukutosha siku tatu nne mpakani, iliyobaki ilete kwa benki au simu. Piga hesabu mwenyewe kwenye simu yako. Mfano tu: kiwango kikiwa 1.4, laki mbili za Tanzania ni 280,000 za Uganda. Mchezo wa mpakani ni kukuonyesha kikokotoo chake kilichogawanya badala ya kuzidisha, halafu kukuharakisha. Hesabu noti mkononi mwako wewe, moja moja, na ukishamaliza usimrudishie "azipange vizuri". Ikitokea akazishika tena, hesabu upya.

Dola: noti chakavu, zilizochorwa kalamu, za matoleo ya zamani, na ndogo ndogo za 5 na 10 hupewa bei ya chini au hukataliwa. Lete za 100 safi.

#6 · Binti_Tanga

Swali: si tumeambiwa Kiswahili ni lugha rasmi Uganda sasa? Mbona kama mnatutisha?

#7 · Mwalimu_Arua

Dada, karatasi na mtaa ni vitu viwili. Marekebisho ya katiba ya 2005 yaliitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe lazima shuleni. Lakini kizazi kilichopo mtaani Kampala kilikua kikikisikia kwa askari. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi na polisi tangu ukoloni, na Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 hakukipunguzia doa hilo. Kwa watu wazima wengi wa Buganda, sauti ya Kiswahili ni sauti ya amri kwenye kizuizi cha barabarani, na ya majambazi pia. Kwa hiyo ukimwendea mama wa dukani na "lete maji", unaomba maji, ila yeye anasikia kitu kingine.

Ramani yake iko hivi: huku Arua na West Nile, Gulu, na miji ya mpakani kama Busia na Malaba, Kiswahili kinakwenda vizuri. Kampala, Masaka na Mbarara anza na Kiingereza au salamu ya Kiganda, kisha uliza kama mtu anajua Kiswahili. Wengi wanaelewa kuliko wanavyoonyesha.

Salamu haina njia ya mkato. *Ssebo* kwa mwanamume, *nnyabo* kwa mwanamke, na haya maneno mawili uyabandike mwisho wa karibu kila sentensi. "Oli otya, ssebo" kwanza, jibu lake likija ndipo uulize njia. Kuuliza bei au njia bila kusalimu ndiko kunakomfanya mgeni aonekane hana adabu, hata awe na Kiingereza cha kifalme. *Gyebale ko* ni salamu ya kumpongeza mtu na kazi yake, inakufungulia ofisi za makarani kuliko barua.

Maneno yatakayokuchanganya: *kale* maana yake sawa, haihusu zama za kale. *Kutunda* ni kuuza, kwa hiyo "tunda" usilitafute kwenye kapu la machungwa. Na *muzigo*, huyu ndiye kiboko: ni chumba kimoja cha kupanga. Akikuuliza "oyagala muzigo?" hataki kukubebea begi, anakuuliza kama unataka chumba. Neno hilo hilo ni samli na mafuta ya kujipaka pia.

Habari njema ni saa. Waganda wanahesabu kama sisi: *ssaawa bbiri* za asubuhi ni saa mbili yetu. Ila ratiba ya chuo iko kwa Kiingereza, kwa hiyo 8:00 ni saa mbili. Usichanganye mifumo ndani ya siku moja.

#8 · Jamaa_wa_Kisumu

Na taxi. Kampala *taxi* ndiyo matatu, ndiyo daladala, ile ya abiria 14. Gari dogo la kukodi linaitwa *special*. Ukimwambia mtu wa kituo cha basi "nataka taxi" na masanduku mawili, atakupeleka kwenye matatu, ulipie begi kiti chake.

Kushuka: husemi "shukisha", unasema *"maaso awo, ssebo"*, yaani pale mbele. Sema mapema, kama mita mia kabla. Nauli uliza jirani yako, usimuulize kondakta, na ujue hupanda mvua ikinyesha na jioni. Simu isikae kwenye dirisha lililo wazi foleni ikisimama.

Bodaboda unakubaliana kabla ya kupanda. "Ssente mmeka okutuuka e Wandegeya?" Akisema nkumi ttaano, unasema nkumi ssatu, "nsalirako ssebo". Ukipanda kwanza ndipo uulize, bei ni yake. Programu za simu zinakupa bei iliyoandikwa: SafeBoda, Bolt, Uber. Kwa wiki mbili za kwanza tumia hizo hata kama uko karibu, utajifunza bei za mitaa bila kubishana. Helmeti vaa, hiyo ya abiria wengi hawatoi mpaka uombe.

#9 · Mpangaji_Wandegeya

Malazi. Kuna njia tatu.

Bweni la chuo: nafasi chache, huombwa pamoja na udahili.

Hosteli binafsi: unalipa kwa muhula, si kwa mwezi. Kuzunguka Makerere ni Kikoni, Wandegeya na Nakulabye, KIU ni Kansanga na Kabalagala, Kyambogo ni Banda. Kitanda cha kushea chumba watu wawili watatu huanzia laki tano sita hivi za Uganda, chumba cha peke yako chenye choo ndani hupita milioni kwa urahisi. Uliza mambo haya kabla ya kulipa kishikio, yaani pesa ya kushika nafasi: muhula wao una wiki ngapi na likizo unalipia au hulipii, maji yakikatika tangi ni la lita ngapi kwa watu wangapi, jenereta ipo au picha tu, kupika kunaruhusiwa, geti linafungwa saa ngapi, na kishikio kinarudi ukiahirisha?

Usilipe kishikio kwa picha za WhatsApp. Kila Agosti kuna chumba kimoja kinachouzwa kwa watu sita. Kama lazima ushike nafasi ukiwa nyumbani, mtume mwanafunzi aliyepo, aende na akusomee risiti yenye muhuri na namba ya chumba.

Njia ya tatu ni huo muzigo wa Mwalimu. Ni rahisi zaidi ila unakutana na mwenye nyumba, mita ya umeme na mwenyekiti wa LC1. Huyu mwenyekiti ni kama mjumbe wa nyumba kumi kwetu, ila muhuri wake una nguvu zaidi. Nenda ukajitambulishe wiki ya kwanza na nakala ya pasipoti na barua ya chuo. Barua yake utaombwa benki, na siku kukiwa na msako usiku inakuokoa usingizi.

Mita: umeme wa kulipa kabla unaitwa *Yaka*, unanunua tokeni kwa simu, tarakimu 20, unazibofya. Tangu Aprili 2025 msambazaji mpya wa umeme ni UEDCL, ila jina la Yaka limebaki mdomoni. Uniti 15 za mwanzo za mwezi kwa mita ya nyumbani zimekuwa zikiuzwa kwa bei nafuu, shilingi 250, kisha bei inaruka karibu mara tatu. Sasa vyumba vinane vikishea mita moja, hizo 15 zinaisha siku ya kwanza na wote mnalipa bei ya juu. Tena ada ya huduma ya mwezi hukatwa kwenye tokeni ya kwanza ya mwezi. Chumba kilichokaa wazi miezi mitatu, tokeni yako ya kwanza italipa ada ya yule aliyehama. Mwambie mwenye nyumba anunue tokeni ndogo mbele yako kabla hujamlipa, utaona kinachobaki.

#10 · Chenji_Mkononi

Hilo la tokeni ya majaribio ni la kubandika ukutani.

#11 · Daktari_Mtarajiwa_Ishaka

Afya, haraka haraka. Kampala iko kwenye mwinuko wa mita kama 1,200, hali ya hewa inakudanganya kama Nairobi au Arusha. Lakini malaria ipo, mjini na vijijini. Watu wa Nairobi huja bila neti wakidhani ni ya Kisumu na Mombasa tu. Neti iwe kitu cha kwanza kununua, kabla ya jagi la umeme. Homa yoyote katika wiki za kwanza, pima kabla ya kumeza dawa. Mvua za pili huanza Septemba na hupiga hadi Novemba, yaani utakapokuwa umezoea njia za miguu ndipo zitakapogeuka matope. Viatu vya mpira haviwi aibu hapa.

Kwa wa udaktari na uuguzi: uliza baraza la taaluma la nyumbani kama linaitambua programu hiyo kabla ya kulipa ada. Utambuzi wa chuo na utambuzi wa programu ni mambo mawili.

#12 · Karani_Mstaafu

Kijana wa #11 kagusa penyewe, ngoja nilifungue kwa wote.

Moja, programu. NCHE, baraza la elimu ya juu la Uganda, huidhinisha programu moja moja na idhini ina muda wake. Mwaka 2023 orodha ya kozi zilizopitwa na muda ilizua kelele kubwa nchini humo. Tafuta kozi yako kwa jina kamili kwenye tovuti ya NCHE, uhifadhi picha ya ukurasa ikiwa na tarehe.

Mbili, ulinganisho wa vyeti. Vyeti vya sekondari hulinganishwa na UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ofisi zake ziko Ntinda. Diploma na shahada hulinganishwa na NCHE, iliyoko Kyambogo. Watu huzikosea hizi mbili, wanapanga foleni siku nzima kwa asiyehusika. UNEB hutaka uthibitisho kutoka baraza lililotoa cheti, yaani NECTA au KNEC, na huo ndio unaochelewa. Uombe ukiwa bado nyumbani. Ukifika Agosti ndipo uuombe, wiki za usajili zitakuacha.

Tatu, alama hazitafsiriki kichwani. Kidato cha sita Tanzania A ni pointi 5 na E ni 1. Uganda A ni 6, E ni 2, na O, ile ya ngazi ya chini, ni 1. Ndiyo maana mtu anasoma "pointi 12" kwenye tangazo anajiona amekosa au amepita bila kuwa hivyo. Acha UNEB wakupe hesabu.

Waliotoka na KCSE, cheti cha sekondari cha Kenya: Uganda ina kidato cha tano na sita, nyinyi hamna. Uliza chuo kwa maandishi kama unaingia moja kwa moja au unapitia cheti cha matayarisho cha mwaka mmoja, HEC. Jibu la mdomo la wakala wa udahili halihesabiki, na wakala analipwa kwa kichwa.

Nne, ada. Vyuo vya umma hutumia mfumo wa ACMIS. Unaingia kwenye akaunti yako, unatengeneza namba ya malipo inayoitwa PRN, unalipa benki au kwa simu. Namba hiyo ina kiasi chake na tarehe yake ya kufa. Ukitaka kulipa nusu, tengeneza PRN ya nusu, usiende na ya yote ukatoa pungufu. Baada ya kulipa rudi kwenye akaunti uone salio limeshuka, risiti ya karatasi peke yake si kitu. Mtu akikwambia anaweza kukulipia kwa punguzo kupitia "mtu wake wa ndani", huyo anakuuzia risiti ya bandia, na itagundulika siku ya kibali cha mtihani. Kwenye jedwali la ada angalia safu ya raia wa Jumuiya: vyuo vingine vimeiweka pamoja na Waganda, vingine na wageni. Tofauti ni kubwa.

Tano, pasi ya mwanafunzi. Inaombwa mtandaoni kwa Kurugenzi ya Uraia na Udhibiti wa Uhamiaji. Raia wa Jumuiya halipi ada yake, ila lazima aiombe. Bure si sawa na si lazima! Ambatisha pasipoti, ukurasa wenye muhuri wa kuingia, barua ya udahili, picha na barua ya chuo. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ndiyo inayokuandikia hiyo ya mwisho, na foleni yake ni fupi wiki ya kwanza, ndefu wiki ya nne.

#13 · Binti_Tanga

Asante mzee. Kuhusu pesa ya kila mwezi kutoka nyumbani, ipi rahisi?

#14 · Chenji_Mkononi

Sajili laini kwanza: MTN au Airtel, duka lao rasmi, kwa pasipoti. Usikubali laini "iliyokwisha kusajiliwa" ya mtu wa mwavuli barabarani. Siku mwenye jina akiifunga, pesa zako zinafungwa nayo. Laini ya nyumbani iache hai kwenye simu ya pili, maana benki yako na bodi ya mikopo watatuma namba za siri huko. Isipotumika miezi kadhaa hufungwa, tuma hata ujumbe mmoja kwa mwezi.

Pesa inavuka kwa simu: Airtel kwa Airtel ndani ya ukanda, na M-Pesa ya Safaricom kwenda MTN Uganda. Kumbuka kutoa pesa kuna kodi ya 0.5% iliyowekwa 2018, juu ya ada ya kutolea. Ukitoa milioni, kodi peke yake ni 5,000. Kodi hiyo iko kwenye kutoa taslimu tu, kwa hiyo ada ya chuo ilipe moja kwa moja kutoka kwenye simu kwa PRN, usitoe taslimu ukaipeleka benki.

#15 · Mama_Ntilie_wa_Zamani

Mmesahau tumbo. Hapa *food* maana yake ni wanga tu: matoke, posho ambayo ndiyo ugali wenu, wali, viazi, mihogo, boga. Kinachoagizwa ni mchuzi. Unasema "beans" au "binyebwa", ambayo ni mchuzi wa karanga, na food inakuja mchanganyiko, vipande vitatu vinne kwenye sahani moja. Anayeagiza "food" peke yake anaulizwa mpaka anachoka. Hutaki mchanganyiko, taja: "posho na maharage". Bei iko kwenye mchuzi.

Chai: ukisema chai ya Kiafrika ni ya maziwa. Ya rangi sema *dry tea*, hata kama imelowa.

Rolex si saa. Chapati inakaangwa upya juu ya mayai mawili yaliyopigwa na kabichi, kitunguu na nyanya, inaviringishwa, inafungwa kwenye karatasi au kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Kama 2,000 hadi 3,000. Angalia mambo mawili: mayai yapasuliwe mbele yako, na chapati iwe ya leo, bonyeza ukingo, ikikatika kama biskuti ni ya jana. Pesa zikiisha mwisho wa mwezi kuna *kikomando*, chapati iliyokatwakatwa kwenye maharage. Inashikilia tumbo hadi jioni.

#16 · Jamaa_wa_Kisumu

Mama, wa yai bichi katikati je? Wengine wanatoa haraka.

#17 · Mama_Ntilie_wa_Zamani

Mwambie "yokya bulungi", achome vizuri. Anapogeuza mara ya pili, subiri. Foleni ikiwa ndefu ndiyo anaharakisha, kwa hiyo usiende saa moja usiku wakati hosteli zote zimeshuka.

#18 · Karani_Mstaafu

Jambo la masomo ambalo wageni huligundua muhula wa pili. Daraja linahesabiwa kwa pointi hadi 5.0. Makerere na vyuo vingi: 80 na kuendelea ni 5.0, kila alama tano chini hupunguza nusu pointi, hadi 50 ambayo ni 2.0. Daraja la kwanza linaanzia 4.40, la pili la juu 3.60, la pili la chini 2.80. Kazi za muhula huwa hadi 40, mtihani 60. Somo la chini ya 50 linarudiwa, wenyewe wanaita *retake*, na unalilipia. Kwa hiyo jaribio la wiki ya nne, lile ambalo mgeni hulikosa kwa sababu yuko foleni ya uhamiaji, linakula wastani wako mpaka mwaka wa mwisho. Hizo karatasi za #12 zimalizeni wiki ya kwanza.

#19 · Binti_Tanga

La mwisho kutoka kwangu. Ninaporudi Desemba, kuna cha kuangalia mpakani?

#20 · Dada_Kyaka

Kaveera. Mifuko ya plastiki ya kubebea bado inatembea Uganda kila duka. Tanzania imepigwa marufuku tangu Juni 2019, Kenya tangu Agosti 2017. Viatu, nguo chafu, senene wa kukaanga wa mwezi wa kumi na moja, vyote toa kwenye kaveera kabla ya Mutukula. Kapu la majani hapo Masaka wanauza.

Na pasi ya mwanafunzi usiisahau hosteli. Utaihitaji Januari kuingia tena.